Pointi za ndege za maafisa wa kaunti: mali isiyo na daftari

Kila baada ya miezi mitatu Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti ya matumizi ya kaunti zote 47. Wengi wetu huikimbilia sehemu moja tu: safari. Kaunti gani imetumia ngapi kwa safari za ndani, ngapi kwa safari za ng'ambo, na wawakilishi wadi wa wapi walikwenda wapi kujifunza nini. Mitandaoni tunachekana siku mbili tatu, kisha tunasahau mpaka ripoti nyingine itoke.

Ndani ya safari hizo hizo kuna mali nyingine inayozaliwa, na ripoti haiitaji hata kwa neno moja. Ni pointi za ndege. Tiketi inalipwa na kaunti na shilingi zinaandikwa kitabuni, lakini pointi zinazotokana na tiketi hiyo zinaingia katika akaunti ya mtu binafsi, kwa jina lake. Hapo ndipo daftari la umma linapofungwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Hoja yangu leo ni fupi. Pointi zilizopatikana kwa pesa za umma ni mali ya umma, na kaunti zinapaswa kuziandika na kuzitumia kupunguza gharama ya safari zinazofuata. Nitatumia mfano wa Kitui na Makueni, na sababu nitaitoa.

Pointi ni kitu gani hasa?

Msomaji ambaye hajawahi kupanda ndege asidhani mambo haya ni mageni kwake. Ukiwa na laini ya Safaricom, unazijua Bonga. Unatumia shilingi 10, unapata pointi 1. Hakuna aliyezihesabu kuwa pesa mpaka Oktoba 2022, kampuni ilipotangaza kwamba kuanzia Januari 2023 pointi zilizokaa miaka 3 bila kutumiwa zitafutwa. Ghafla kila mtu alikuwa anabonyeza simu kutafuta salio lake. Baadaye mpango ule ukasitishwa, lakini somo lilibaki: pointi ni thamani, ijapokuwa haifanani na noti.

Mashirika ya ndege yalianza mchezo huu zamani. American Airlines ilianzisha mpango wake wa AAdvantage mwezi wa Mei 1981, na karibu mashirika yote makubwa yakafuata. Leo Emirates wana Skywards, Qatar Airways wana Privilege Club, Ethiopian wana ShebaMiles na Kenya Airways wana Asante. Sisi watu wa Pwani tunawajua hawa kwa sababu ya Umra, kwa sababu ya bidhaa za Dubai, na kwa sababu ya jamaa zetu walioko Oman na kwengineko Ghuba.

Kupata pointi ni rahisi. Kujaza akaunti mpaka ikawa na salio kubwa ni jambo jingine. Anayekwenda Umra mara moja kwa miaka 5 hatafika popote. Salio kubwa linajengwa na mtu anayesafiri mara kwa mara, masafa marefu, kwa shirika moja, na zaidi ya yote kwa tiketi ya bei ya juu. Daraja la biashara hutoa pointi nyingi kuliko daraja la kawaida, na tiketi za bei nafuu kabisa wakati mwingine hazitoi kitu. Kadri unavyosafiri ndivyo unavyopandishwa ngazi: mizigo zaidi, chumba cha kupumzikia uwanjani, kupangiwa kiti kizuri. Salio likishakua, unalibadilisha kwa tiketi nyingine, ingawa kodi na ada za uwanja mara nyingi bado utazilipa kwa pesa taslimu.

Kanuni moja ndiyo inayotuhusu. Kwa kawaida pointi humfuata abiria aliyeketi kwenye kiti. Shirika la ndege haliulizi nani alilipa. Tiketi iwe imelipwa na wewe, na mwajiri wako au na mlipa kodi wa Mutomo, pointi ni za jina lililo kwenye pasipoti.

Kwa nini Kitui na Makueni

Nimewachagua wenzetu wa Ukambani kwa sababu mbili, na kuwatuhumu si mojawapo. Sina ushahidi kwamba afisa yeyote wa huko amefanya kosa, na kwa hakika haya ninayoyaeleza yanaweza kutokea katika kaunti yoyote, za Pwani zikiwemo.

Sababu ya kwanza ni kwamba huko jambo hili linaonekana wazi zaidi. Mtu wa Wote au wa Mwingi akitaka kupanda ndege kwenda ng'ambo, sharti kwanza ashike barabara mpaka JKIA. Sisi Mombasa tuna uwanja wetu, na mfanyabiashara wa Biashara Street anaweza kuruka kwa shughuli zake mwenyewe. Kwa mkulima wa maembe wa Makueni au mfugaji wa mbuzi wa Kitui mashariki, ndege ni kitu kinachopita juu angani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Katika watu hao zaidi ya milioni 2, ni wachache mno ambao maisha yao ya kawaida yanaweza kuwajengea salio kubwa la pointi. Miongoni mwa wachache hao wamo wale ambao kazi zao za umma huwapeleka kwenye makongamano na ziara za mafunzo.

Sababu ya pili ni ya heshima. Makueni iliifunza Kenya nzima namna mwananchi anavyoweza kuketi na serikali yake mezani. Tangu enzi za Gavana Kivutha Kibwana, mikutano ya kuamua miradi ilianzia kijijini, ikapanda kwenye makundi ya vijiji, kwenye wadi, kwenye kaunti ndogo, mpaka kaunti. Kila mradi ulikuwa na kamati ya wananchi, na mkandarasi hakulipwa mpaka kamati hiyo iridhike na kazi. Kama kuna mahali ambapo mwananchi wa kawaida anaweza kusimama na kuuliza pointi ziko wapi, ni huko.

Kuna jambo jingine ambalo Kitui na Makueni wanalijua kuliko sisi: kuweka akiba pamoja. Anayepita barabara ya Nairobi akivuka mito mikavu ya Kibwezi na Makindu huona mchanga tu. Katika mito kama hiyo, vikundi vya mwethya vimejenga mabwawa ya mchanga. Ukuta unajengwa kukata mto, mvua zinaleta mchanga msimu baada ya msimu, na maji yanahifadhika ndani ya mchanga ule mpaka kiangazi. Kila nyumba ilibeba mawe, kila nyumba inachota. Hakuna anayeandika bwawa kwa jina lake kwa sababu tu siku ya mwisho ndiye aliyeshika sepetu.

Madhara yako wapi?

Najua kuna msomaji atakayesema: hizi ni pesa ndogo, tuna wizi mkubwa wa kushughulikia. Ni kweli tuna wizi mkubwa. Lakini tuangalie pointi zinamfanya nini mtu anayepanga safari.

Kwanza ni uchaguzi wa shirika. Afisa mwenye pointi 80,000 kwa shirika fulani atataka kusafiri na shirika hilo, hata kama jingine linakwenda mji ule ule kwa bei ya chini. Pointi zinaingia kwake, tofauti ya bei inalipwa na kaunti. Anayechagua si yule anayelipa, na hapo ndipo mali ya umma huvuja.

Pili ni daraja la tiketi. Ikiwa kiti cha bei ghali kinaleta pointi zaidi, mtu ana sababu moja zaidi ya kukitaka, mbali na starehe ya miguu.

Tatu ni safari yenyewe. Mwaka unaelekea kwisha na mtu amebakiza safari 2 apande ngazi. Mwaliko wa warsha ukija, atauliza kama warsha ina manufaa kwa kaunti, au atauliza inafanyika mji gani? Mimi simjui mtu huyo. Lakini namjua binadamu, na mipango hii ya pointi ilibuniwa na watu wanaomjua binadamu vizuri kuliko mimi. Kazi yake ni hiyo hiyo, kumfanya mteja arudi.

Tupige hesabu ndogo ya mfano. Tuseme ujumbe wa watu 10 umekwenda Asia mara 2 kwa mwaka. Hizo ni safari 20 za kwenda na kurudi. Tuseme pointi zote hizo, baada ya kodi na masharti, zingeokoa shilingi 50,000 tu katika gharama za safari za mwaka unaofuata. Chini ya mpango wa MakueniCare, kaya ilijisajili kupata matibabu katika hospitali za kaunti kwa shilingi 500 kwa mwaka. Basi shilingi 50,000 ni usajili wa kaya 100. Haba na haba hujaza kibaba, lakini pia chovya chovya yamaliza buyu la asali.

Sheria inasemaje

Katiba ya 2010, kifungu cha 76, inasema kwamba zawadi anayopewa afisa wa serikali katika shughuli rasmi ni zawadi kwa Jamhuri, na ikabidhiwe serikali isipokuwa Bunge limetunga sheria ya kuiruhusu. Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012 ikaongeza masharti juu ya zawadi, pamoja na kuwekwa kwa daftari la zawadi katika ofisi za umma. Mwaka 2025 tukapata Sheria ya Mgongano wa Maslahi, ambayo imekabidhiwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, iisimamie.

Je, pointi ya ndege ni zawadi? Wakili atakuambia inategemea. Mimi si wakili, lakini naona hivi: kama gavana akipewa saa ya ukutani kwenye kongamano anatakiwa kuiandika, inakuwaje tiketi nzima ya kwenda Dubai, iliyotokana na safari ya kongamano hilo hilo, isiandikwe popote?

Kwa sisi Waislamu suala hili si geni hata kidogo. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu aliyejulikana kama Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi, akaitenga mali mafungu mawili: fungu moja akasema ni la Waislamu, na jingine akasema amezawadiwa yeye. Mtume akapanda mimbari, akahoji kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa babake au mamake aone kama zawadi hiyo ingemfuata. Kipimo hicho kinatosha, na ndugu zetu Wakristo wa Ukambani hawatakikataa. Afisa angekaa kwake Kitui bila cheo, pointi zile zingemfuata?

Wengine walifanyaje

Tusidhani ni Kenya pekee inayokabiliwa na swali hili. Mwaka 2002 Ujerumani ilitikisika kwa sababu ya pointi. Wabunge walikuwa wakipata maili za Lufthansa kwa safari za kazi, na utaratibu wa bunge lao ulitaka maili hizo zitumike kwa safari za kazi. Gazeti la Bild likafichua kwamba baadhi yao walizitumia kwa safari za kibinafsi. Gregor Gysi, aliyekuwa akisimamia uchumi katika serikali ya jiji la Berlin, alijiuzulu. Cem Özdemir wa chama cha Kijani naye akaachia nafasi yake ya usemaji na hakuingia katika bunge lililofuata. Hawakuiba noti hata moja. Walitumia pointi.

Marekani ilipita njia nyingine. Kwa miaka mingi maili za safari za kikazi zilihesabiwa kuwa mali ya serikali kuu. Mwishoni mwa 2001 sheria ikabadilishwa, wafanyakazi wa serikali hiyo wakaruhusiwa kuzichukua. Unaweza kukubaliana nao au usikubaliane. Cha kujifunza ni kwamba Wajerumani walikuwa na kanuni na Wamarekani wakatunga sheria. Wote waliamua mchana, mbele ya watu. Kwetu ni kama jambo limeamuliwa kwa kunyamaza.

Majibu ya wanaopinga

Kuna atakayesema afisa ndiye aliyekesha uwanja wa ndege na kuacha watoto wake nyumbani, kwa hiyo pointi ni jasho lake. Usumbufu wa safari tayari una malipo yake. Tume ya Mishahara, SRC, huweka viwango vya marupurupu ya safari, na afisa huyalipwa. Hatuwezi kulipia jasho moja mara mbili.

Mwingine atasema mashirika hayaruhusu pointi kuhamishwa kutoka kwa mtu kwenda kwa serikali. Ni kweli kwamba masharti mara nyingi ni magumu. Lakini si lazima zihamishwe. Afisa mwenye pointi za kazi anaweza kutakiwa azitumie kwanza katika safari ya kazi inayofuata, ndipo kaunti ilipe kilichobaki. Tena yapo mashirika yenye mipango ya taasisi, kama Business Rewards ya Emirates na Beyond Business ya Qatar Airways, ambapo kampuni iliyonunua tiketi hujipatia pointi zake yenyewe. Kaunti inaweza kuuliza kama inakubaliwa. Kuuliza si gharama.

Na zitakazobaki mtu akiondoka ofisini? Azitaje kwenye hati ya makabidhiano. Nyingine zitakufa na muda wake, na si hasara kubwa. Hasara kubwa ni ile ya kutojua zilikuwa ngapi.

Na wanaoruka kwa jasho lao

Kuna kundi jingine la watu wa Kitui, Makueni na Pwani wanaovuka bahari kila wiki: vijana wanaokwenda Saudi Arabia, Qatar na Emirati kufanya kazi za nyumbani, ulinzi na udereva. Msichana wa Mwingi na msichana wa Likoni wanaweza kukutana kwenye foleni moja JKIA, tiketi zao zimekatwa na wakala. Wao ndio wanaosafiri masafa marefu, na mara nyingi hakuna aliyewaambia kwamba kujisajili ni bure. Mkataba ukiisha wanarudi nyumbani mikono mitupu kwa upande huu.

Ndugu msomaji, ukiwa na mtoto anayesafiri, mwambie ajisajili kwa shirika analopanda kabla ya safari, kwa jina lile lile lililo kwenye pasipoti. Aulize kama tiketi yake inatoa pointi, kwa kuwa si zote. Atunze kadi ya kupandia ndege mpaka aone pointi zimeingia, na zisipoingia, adai ndani ya muda ulioandikwa kwenye masharti. Asiweke akiba ya miaka mingi, kwa sababu shirika linaweza kubadilisha thamani ya pointi, na akaunti iliyolala inaweza kufutwa. Pointi zake ni haki yake, hakutumia senti ya umma.

La kufanya sasa

Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufika katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwananchi ana haki ya kutoa maoni kabla hayajapitishwa. Huo ndio wakati. Kitui na Makueni wanaweza kuanza na mambo matatu. Kila ombi la safari ya ndege lionyeshe bei za mashirika angalau mawili na lile lililochaguliwa. Kila afisa aliyesafiri kwa pesa za kaunti aandike pointi alizopata katika daftari moja, kama zinavyoandikwa zawadi. Na daftari hilo liwekwe wazi pamoja na ripoti ya safari, mkaguzi alione na mwananchi alione.

Hakuna haja ya kungoja Nairobi itunge sheria. Julai 2024 Rais alitangaza kusitisha safari zisizo za lazima za maafisa wa serikali, na sote tunajua matangazo kama hayo huchukua muda gani kabla ya kusahaulika. Daftari halisahau. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu raia yeyote kuomba maelezo haya kwa barua, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu kupeleka ombi rasmi kwenye bunge la kaunti yake.

Na sisi tusikae tukiwatazama Wakamba kwa mbali. Maafisa wa kaunti za Pwani wanaruka Mombasa kwenda Nairobi na kurudi mara nyingi kuliko maafisa wa Wote au Kitui, kwa kuwa sisi tuna ndege za kila siku. Kwale, Kilifi, Lamu, Tana River, Taita Taveta na Mombasa, swali ni lile lile. Baraza la bajeti likiitishwa wadini kwako, nenda. Wakimaliza kusoma mamilioni ya safari, nyoosha mkono uulize pointi ziko kwa jina la nani.